Maisha ya Tabibu Robert Koch na Ibra Iliyomo

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na dawa yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya haya.

Robert Koch alizaliwa mwaka 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Hakuwa Mwislamu, bali khabari yake yawapasa Waislamu wa pwani na wa bara, kwa kuwa faida ya ilimu yake wainywa kila siku katika maji.

Alianza kwa kutibu watu wa shamba, na nyumbani kwake akichungua kwa darubini damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta. Mwaka 1876 akakibainisha kijidudu cha maradhi hayo. Na tarehe 24 Machi 1882, mwaka 1299 wa Hijra, akakibainisha cha kifua kikuu, maradhi ambayo wengi waliyadhani ni urithi wa ukoo.

Mwaka 1883 akenda Misri, kisha Calcutta, kuchungua kipindupindu. Akakiona kijidudu chake katika matumbo ya maiti, na katika maji ya bwawa walilokuwa wakilitumia watu. Wengi wakamkanusha, wakishika kwamba maradhi yaletwa na hewa mbaya. Hata mwaka 1892 kipindupindu kikaingia Hamburg, wakafa watu zaidi ya 8,000. Na Altona, mji wa jirani uliochuja maji yake kwa mchanga, ukasalimika pakubwa. Ndipo wengi wakasadiki. Kwa ilimu hiyo hulindwa na uchafu hata maji ya visima virefu vya Makutupora, yaendayo Dodoma kwa mabomba.

Lakini mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu kabla haijathibiti, na mchanganyiko wake akauficha. Wagonjwa wakamiminika Berlin kwa maelfu. Dawa haikuponya, na baadhi yao wakafa. Baadaye ikafaa kwa jambo jingine tu, nalo ni kumtambua aliyepatwa na kijidudu.

Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, ambako malale yalikuwa yakiangamiza watu. Katika Uganda walikufa zaidi ya laki mbili. Akawadunga dawa ya atoksili. Wagonjwa wakamjia kwa matumaini, na mwanzo wakapata nafuu. Alipozidisha kipimo, maumivu yakazidi, na baadhi yao wakapofuka wasione tena. Wengi wakakimbia. Hawakukimbia kwa ujinga, bali kwa waliyoyaona kwa macho yao.

Alifariki tarehe 27 Mei 1910, mwaka 1328 wa Hijra.

Basi aliyekanusha khabari ya maji alikosea, na aliyekimbilia dawa ya Berlin bila ya kuhakikisha alikosea vilevile. Khabari ya dawa ni kama khabari nyingine zote: hupokewa kwa uthibitisho, haikataliwi kwa chuki wala haikubaliwi kwa pupa. Na mwenye ilimu ana amana, asimfiche mgonjwa madhara ya dawa ampayo. Dawa ni sababu, na mponyaji ni Mwenyezi Mungu.

Wabillahi taufiki.