Dakta Krapf na Jamaa ya Rabai

Wakazi wa Mombasa wanaovuka kwenda Nyali wanalijua sana jina la Kengeleni. Si wengi wanaojua kwamba si mbali na hapo pana kaburi la mwanamke mmoja, Bibi Rosine, aliyefariki Julai 1844. Mumewe alikuwa Johann Ludwig Krapf, yule aliyeandika kamusi ya Kiswahili iliyochapwa London mwaka 1882. Habari za kamusi zimesimuliwa mara nyingi. Leo tuzisimulie zile za mtu aliyefika mji uliojaa misikiti naye hana hata mmoja wa kusali naye ila mkewe.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini mwa Ujerumani, akiwa mtoto wa mkulima. Alisomea kazi ya dini, akakaa Uhabeshi miaka kadhaa mpaka akakatazwa kurudi huko. Januari 1844 akashuka Unguja. Sayyid Said bin Sultan alimpokea kwa heshima, akamwandikia barua kwa maliwali wake ili asisumbuliwe. Hata Kadhi wa Mombasa wa siku hizo alimsaidia kutafsiri mwanzo wa Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Watu wetu hawakumfanyia uadui, bali dini yao walikuwa nayo na jamaa yao walikuwa nayo.

Hapo ndipo ulipokuwa uzito wa jambo. Mkristo, kama alivyo Mwislamu, anaweza kumwomba Mungu peke yake chumbani. Lakini vitabu vyao vinaeleza kwamba wafuasi wa kwanza wa Nabii Isa walikuwa wakikutana, wakisali na kula mkate pamoja, na waumini waliofuata walionywa wasiache kukusanyika. Ubatizo na meza ya Bwana ni ibada za watu walio pamoja; mtu hajibatizi mwenyewe. Kwa hiyo muumini asiye na wenzake hukosa sehemu kubwa ya dini yake. Sisi tunaojua fadhila za swala ya jamaa hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili.

Homa ilimpata Krapf na mkewe mwaka ule ule. Rosine alijifungua mtoto wa kike, na baada ya siku chache mama na mwana wote wakafariki. Krapf alimzika mkewe upande wa bara, penye njia, ili wapitao wakumbuke kilichowaleta. Akabaki peke yake.

Mwaka 1846 alikuja Mjerumani mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wakahamia Rabai, kwa Wamijikenda, ambao siku hizo wakiitwa Wanyika. Wakajenga banda la kusalia. Siku ya ibada waliokuja walikuwa wachache, na aliyekuja leo kesho huenda asionekane. Jifya moja haliinjiki chungu, na hata mawili hayatoshi. La tatu lilikuwa Mringe, mtu maskini aliyekuwa kilema, aliyependa kuketi na Krapf na kuzungumza naye habari za Mungu. Alibatizwa mwaka 1851 akiwa mgonjwa kitandani, akafa baada ya muda si mrefu. Miaka saba ya kazi ilimpa Krapf mwenzake mmoja tu, naye hakudumu.

Krapf hakuwa mtu wa kutulia. Alisafiri Usambara na Ukambani, na mwaka 1849 akauona mlima Kenya. Alitaka kupanga vituo vya dini kutoka Pwani mpaka upande wa pili wa Afrika. Rebmann aliona afadhali kukaa mahali pamoja. Afya ilipomharibikia, Krapf alirudi kwao mwaka 1853, na baadaye akaja tena kwa muda mfupi tu. Rebmann alibaki Rabai mpaka 1875, macho yake yakiwa yamepofuka.

Jamaa iliyosubiriwa ilikuja kwa njia ambayo Krapf hakuifikiria. Kuanzia 1864 walifika Waafrika waliokombolewa utumwani na kulelewa Nasik, karibu na Bombay. William Jones ni mmoja wa waliohudumu Rabai. Kisha wakaja waliokombolewa majahazini na wengine waliotoroka mashambani. Walikuwa watu wa makabila mbalimbali, waliotengwa na mama zao na miji yao. Waliposimama safu moja kusali, asiye na ukoo alipata wa kumwuguza, wa kumwoza na wa kumzika. Mwaka 1887 wakajengewa kanisa kubwa la mawe.

Krapf hakuliona. Alifariki Novemba 1881 huko Korntal, kijiji cha Wakristo walioamua kuishi na kusali pamoja. Asubuhi walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, roho imekwisha kutoka.

Dini yake si yetu, na mengi aliyoyasema juu ya yetu hatuyakubali. Lakini maisha yake yanatukumbusha jambo ambalo aliyezaliwa karibu na msikiti hulisahau upesi. Safu tunayoikuta imepangwa kila Ijumaa ilianzwa na watu, nayo hudumu kwa wale wanaokaa. Anayeikuta imejaa, basi naye asiiache nafasi yake wazi.