MIMAR SINAN: FUNDI WA MASULTANI, MTUMISHI WA RAIA



Ndugu msomaji, kila Ramadhan tumezoea kusoma maisha ya masahaba, maimamu na wanazuoni. Mara hii tumtazame mtu ambaye hakuwa mufti wala kadhi. Alikuwa fundi. Kazi yake ilikuwa mawe, chokaa, mbao na maji. Alifariki mwaka wa 1588, na mpaka leo watu wanaswali ndani ya kazi yake na kuvuka mito juu ya kazi yake. Huyo ni Sinan, ambaye Waturuki humwita Mimar Sinan, yaani Sinan msanifu majengo.

Kwa nini tumchague yeye? Hebu muulize kijana yeyote mtaani akiteki ni nani. Atakwambia ni yule anayechora plani ya nyumba. Unamlipa, plani inapelekwa kaunti ikapigwe muhuri, basi. Wengine huona hiyo ni gharama ya bure. Fundi yupo, saruji ipo, akiteki wa nini? Na siku hizi neno lenyewe limepanuka, hata anayepanga mifumo ya kompyuta huitwa akiteki. Maisha ya Sinan yanatuonyesha maana ya kazi hii tangu ilipokuwa mikononi mwa mtu mmoja.

KUTOKA KIJIJINI HADI JESHINI

Sinan alizaliwa karibu mwaka wa 1490 katika kijiji cha Ağırnas, karibu na mji wa Kayseri, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Wazazi wake walikuwa Wakristo. Wakati huo Dola ya Uthmaniya ilikuwa na desturi ya kukusanya vijana kutoka familia za Kikristo, wakasilimishwa na kufunzwa kazi za jeshi na serikali. Tusiifiche: desturi hiyo ilikuwa chungu kwa mzazi aliyenyang'anywa mwanawe. Sinan alichukuliwa wakati wa Sultan Selim wa Kwanza, karibu mwaka wa 1512, akiwa tayari kijana mkubwa. Alipofika Istanbul alifundishwa useremala.

Akaingia katika kikosi cha Janissari, askari wa miguu wa sultani. Alikuwa katika vita vya Belgrade mwaka wa 1521, kisiwa cha Rhodes mwaka wa 1522, Mohács katika Hungaria mwaka wa 1526, na safari ya Baghdad ya mwaka wa 1534. Kila alipopita aliangalia. Askari mwingine akiona ngome huwaza namna ya kuivunja. Sinan aliwaza pia ilisimamishwa vipi. Katika Ziwa Van alitakiwa kutengeneza mashua za kivita, akazitengeneza. Mwaka wa 1538 jeshi lilikwama kwenye mto Prut, upande wa Moldavia. Ardhi ilikuwa tope tupu, na kila daraja lililojaribiwa lilizama. Sinan akaitwa, na kwa muda wa karibu wiki mbili tu jeshi zima likavuka.

Muda si mrefu mkuu wa wasanifu wa dola akafariki, na Sinan akapewa nafasi yake. Kijana uliyemaliza kidato cha nne ukaona umechelewa, sikiliza hapa: mtu huyu alikuwa anakaribia miaka 50. Kazi zote zilizompa jina alizifanya baada ya hapo. Alishika wadhifa huo karibu miaka 50 mingine, chini ya masultani watatu: Suleiman, Selim wa Pili na Murad wa Tatu.

MSIKITI NA MTAA WAKE

Orodha za kazi zake zinataja majengo zaidi ya 300: misikiti, madrasa, hospitali, madaraja, hamamu, majiko ya umma na nyumba za kulala wasafiri wa misafara. Bila shaka si yote aliyoyasimamia kwa macho yake. Dola ilikuwa kubwa, na alikuwa na ofisi ya wasanifu waliotumwa huku na kule. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na dhamana.

Mradi wake mkubwa wa kwanza katika misikiti ya masultani ulikuwa Şehzade, uliojengwa Istanbul kati ya 1543 na 1548 kwa ukumbusho wa mwana wa Sultan Suleiman aliyekufa kijana. Sinan mwenyewe alikuja kuuhesabu msikiti huo kuwa kazi ya mwanafunzi. Baadaye ukaja Süleymaniye, 1550 hadi 1557. Kuba lake lina kimo cha mita 53 kutoka sakafuni. Ndani ya kuba alipachika mitungi ya udongo ili sauti ya imamu isambae, maana enzi hizo hapakuwa na spika.

Lakini Süleymaniye si msikiti peke yake. Kuuzunguka kulijengwa madrasa, chuo cha utabibu, hospitali, hamamu, na jiko lililolisha wanafunzi, wasafiri na maskini. Yote yaliendeshwa kwa mapato ya wakfu. Tunaopanga foleni za futari Ramadhan hii tutaelewa haraka: msanifu alipochora msikiti alichora pia sufuria zitakaa wapi, moshi utoke wapi, na mwenye njaa aingie kwa mlango gani.

Vitabu vya hesabu vya mjengo huo bado vipo. Vinaonyesha mafundi wamelipwa nini na wametoka wapi. Karibu nusu yao walikuwa Waislamu na karibu nusu Wakristo. Mawe na nguzo zililetwa kutoka sehemu mbalimbali za dola. Kuongoza watu kama hao kwa miaka 7, kila mmoja na lugha yake na ufundi wake, nako ni usanifu.

MAJI YA ISTANBUL

Ukiuliza ni kazi gani ya Sinan iliyowagusa watu wengi zaidi, huenda jibu lisiwe msikiti. Ni maji. Istanbul ilikuwa inajaa watu na mifereji ya kale ilikuwa imechoka. Sultan Suleiman akamuamuru Sinan aangalie uwezekano wa kuleta maji kutoka chemchemi za misitu ya kaskazini mwa mji. Sinan akapima mabonde, akafuatilia mabaki ya mifereji ya zamani, akahesabu miteremko. Maji hayapandi mlima kwa kuamrishwa na sultani. Lazima yateremke kidogo kidogo mpaka yafike. Kazi ikaanza katika miaka ya 1550. Penye bonde alijenga matao marefu ya mawe, na maji yakapita juu yake.

Kisha mwaka wa 1563 ikaja mvua kubwa. Mafuriko yakabomoa sehemu za kazi hiyo. Fikiria hali yake: mzee wa zaidi ya miaka 70, fedha nyingi za sultani zimetumika, na mawe yamelala bondeni. Angeweza kulaumu mvua akaachia hapo. Sinan alirudi kwenye bonde la Mağlova akalijenga upya daraja la maji, mara hii nguzo zake zikiwa pana chini na nyembamba juu, ili mkondo ukija na nguvu usizisukume zikaanguka. Lina urefu wa mita 258 na kimo cha mita 36. Daraja hilo lipo mpaka leo. Maji yakafika kwenye mifereji ya mitaani, ambapo mama na mtoto waliweza kujaza mtungi bila malipo.

Mafuriko yaleyale yalionyesha ubovu wa njia ya Büyükçekmece, magharibi ya mji. Hapo alijenga daraja la mita 636, lenye matao 28, likamalizika mwaka wa 1567. Juu ya daraja hilo kuna jina lake: Yusuf bin Abdullah. Mtu aliyejenga misikiti ya masultani aliliandika jina lake kwenye daraja wanalopita wakulima na punda wao.

KAZI ISIYOONEKANA

Kuna upande wa kazi yake ambao watalii hawaupigi picha. Mkuu wa wasanifu alikuwa pia mlinzi wa mji. Amri za masultani zilizohifadhiwa zinaonyesha akitakiwa kukagua ukubwa na ubora wa matofali, kuangalia barabara na mitaro ya maji machafu, na kuzuia watu wasitokeze mapaa na vibaraza juu ya njia. Istanbul ilikuwa mji wa nyumba za mbao na moto ulikuwa adui wake. Katika miaka ya 1570 ilitolewa amri kila mwenye nyumba awe na ngazi inayofika paani na pipa la maji.

Mwaka wa 1573 Sinan alishughulikia ukarabati wa Ayasofya, jengo lililokuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000. Vibanda vilivyojengwa kwa kubanwa kwenye kuta zake vikaondolewa, na kuta za kuegemeza zikaongezwa. Kulinda kazi ya waliotangulia ni sehemu ya amana hiyohiyo.

Mwaka huohuo, serikali ilipokuwa ikihamisha familia kutoka maeneo ya Kayseri kupelekwa kisiwa cha Cyprus, Sinan aliomba jamaa zake wasihamishwe. Ombi likakubaliwa. Kumbe baada ya miaka 60 mjini, pamoja na cheo chote, hakuwa amewasahau watu wake wa kijijini, ambao bado walikuwa Wakristo.

EDIRNE, MAKKA NA KABURI DOGO

Alipokuwa na miaka karibu 80 ndipo alipoanza kazi aliyoiona kuwa kilele chake: msikiti wa Selimiye katika mji wa Edirne, 1568 hadi 1575. Kuba lake lina upana wa zaidi ya mita 31 na limebebwa na nguzo 8, hivyo anayeswali anaona uwanja mmoja ulio wazi. Sultan Selim wa Pili, aliyeuagiza, alifariki Disemba 1574 kabla haujafunguliwa.

Mwaka wa 1584, akiwa na zaidi ya miaka 90, alikwenda Hijja. Alifariki mwaka wa 1588, akazikwa katika kaburi alilojichorea mwenyewe, dogo tu, kwenye pembe ya ukuta wa Süleymaniye. Wanafunzi wake wakaendelea. Mmoja wao, Mehmed Ağa, ndiye aliyejenga msikiti wa Sultan Ahmed, ule watu wanaouita Msikiti wa Buluu.

Ili kuzipata tarehe hizi vizuri akilini, tukumbuke pwani yetu. Mwaka wa 1589, mwaka mmoja tu baada ya Sinan kufa, Mireno aliwashinda Waturuki wa Amir Ali Bey hapa Mombasa. Mwaka wa 1593 Mireno huyo akaanza kujenga Fort Jesus kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Naye alikuwa msanifu hodari. Elimu ni ileile. Swali ni inamtumikia nani.

SISI LEO

Kazi aliyoifanya Sinan leo imegawanywa: yupo msanifu majengo, mhandisi, mkadiriaji gharama, mpangaji miji na mkaguzi. Ni vizuri, maana elimu imepanuka. Lakini ikigawanywa amana, kila mmoja akamtupia mwenzake, watu hufa.

Tarehe 17 Agosti 1999 tetemeko lilipiga kaskazini-magharibi mwa Uturuki na kuua zaidi ya watu 17,000. Süleymaniye ilisimama. Msikiti wake mwingine, wa Mihrimah Sultan kule Edirnekapı, uliharibika ukabidi utengenezwe, kwa sababu hakuna kazi ya binadamu isiyo na mwisho. Lakini maelfu walifia ndani ya maghorofa mapya. Uchunguzi ulikuta zege dhaifu, mchanga wa baharini na vyuma pungufu. Hapa kwetu, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa 6 lilianguka Huruma, Nairobi, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Hapakuwa na tetemeko. Ilikuwa mvua tu, na jengo ambalo halikustahili kukaliwa.

Basi wewe kijana, wa kike kwa wa kiume, unayependa hesabu na kuchora, usidharau kozi hii kwa kuwa ni ndefu. Na nyinyi wazee wa kamati za misikiti na madrasa, mnapokusanya sadaka ya mjengo Ramadhan hii, tengeni na fungu la mtaalamu aliyesajiliwa, kabla ya fungu la marumaru. Muulizeni maji yatatoka wapi, mama mzee atapanda vipi, na moto ukizuka watoto watakimbilia mlango gani.

Sadaka yenye kuendelea ni ile inayoendelea kusimama. Allah amrehemu Sinan, na atujaalie tujenge vitu ambavyo wajukuu wetu wataviingia bila hofu. Amin.