Gerhard Küntscher, munganga aliyetia msumari ndani ya mfupa

Huku kwetu Kasongo na Kabambare, mfupa wa paja ukivunjika ni shida ya nyumba nzima. Mtu ameanguka na pikipiki, basi analala miezi miwili, mitatu, mguu unavutwa na kamba na uzito, na shamba linaota majani. Kwa mbwa wa kuwinda ni vibaya zaidi, sababu mbwa huwezi kumuambia alale. Atainuka siku ile ile, na mfupa utapinda. Leo tunawaletea maisha ya munganga aliyetafuta jibu la shida hii: namna ya kuunga mfupa ili mgonjwa asimame mapema.

Gerhard Küntscher alizaliwa tarehe 6 Desemba 1900 mjini Zwickau, Ujerumani. Alisomea uganga, kisha akafanya kazi ya upasuaji katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kiel, karibu na bahari. Wakati ule wengi walitibiwa kwa plasta ao kwa kuvutwa mguu. Wako waganga waliofunga mfupa kwa sahani ya chuma na visi, kama Mbelgiji Albin Lambotte wa Antwerp. Lakini kwa kazi hiyo ilipaswa kufungua nyama pale pale palipovunjika, na usaha ulikuwa hatari kubwa.

Küntscher aliangalia mfupa mrefu akaona uko kama mwanzi: ndani kuna tundu lenye uboho. Akawaza kwamba chuma kikipita mule katikati, vipande viwili vitasimama kwenye mstari mmoja. Tena msumari unaweza kuingilia juu, kwenye nyonga, kwa kidonda kidogo kilicho mbali na mvunjiko. Wengi waliogopa kwamba uboho utaharibika na mtu atakufa. Yeye alijaribu kwanza kwenye maiti na kwa wanyama, mbwa wakiwemo, akaona mfupa unaunga.

Kazi ngumu ilikuwa umbo la msumari. Mwembamba unachezacheza ndani, mnene unakwama ao unapasua mfupa. Pamoja na fundi Ernst Pohl, alitengeneza msumari wa chuma kisichoshika kutu, wenye uwazi ndani, kwanza wa umbo la V, baadaye wa majani matatu. Ukipigwa nyundo unajibana kidogo. Ukiisha kuingia unajitanua na kushika kuta za mfupa. Siri yake ilikuwa hapo.

Mgonjwa wa kwanza alipasuliwa mwaka wa 1939. Machi 1940 Küntscher alieleza kazi yake mbele ya wapasuaji mjini Berlin, na wengi wakampinga. Alikuwa pia mwanachama wa chama cha Hitler, jambo lisilofaa kufichwa. Vitani alitumwa Finland, akafundisha waganga wa huko. Madaktari wa Marekani na Uingereza walishangaa walipoona askari wao waliotoka kifungoni Ujerumani wakitembea na chuma ndani ya paja.

Baada ya vita waganga wa wanyama nao waliuchukua msumari huo. Lakini paja la mbwa limepinda kidogo, na mbwa wanapishana sana kwa ukubwa. Msumari ulionyooka haukukaa vizuri kwa wote. Mfupa uliovunjika vipande vingi pia ulizunguka ao kufupika. Küntscher aliuona udhaifu huo hata kwa watu, na katika uzee wake akatengeneza msumari unaofungwa na visi. Wengine wakaendelea, mpaka mbwa nao wakapata misumari ya namna hiyo iliyopimwa kwa mifupa yao.

Küntscher hakuoa. Alikufa Desemba 1972, akiwa na miaka 72, na kazi ya kitabu chake ikiwa bado mezani.

Leo, mjini Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili inatumia misumari ya shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka wa 1999. Hiyo imetengenezwa kwa hospitali maskini: visi vinafungwa bila mashine ya kupiga picha mule chumba cha upasuaji. Ni wajukuu wa ule msumari wa Kiel.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mtu akivunjika paja asikandwe wala kuvutwavutwa njiani. Fungeni mguu na vijiti vilivyonyooka, mumpeleke hospitali haraka. Na munganga akisema habari ya kutia chuma, msikimbie kwa woga. Muulizeni kwanza usafi wa chumba na ukubwa wa chuma, maana chuma hakiponyeshi. Kinashika tu mfupa utulie, mpaka mwili wenyewe umalize kazi.