Papa Silvester II, Mwalimu wa Makumi na Mamia

Sumbawanga kwa Kifipa maana yake ni tupa uchawi, nasi leo tunamsimulia Papa aliyeitwa mchawi kwa sababu alijua hesabu.

Jina lake lilikuwa Gerbert. Alizaliwa katikati ya karne ya 10 katika familia ya kawaida, akalelewa na wamonaki wa Aurillac, Ufaransa. Mwaka 967 mtawala wa Barcelona alipita monasterini hapo, na abate akamkabidhi kijana huyo akasome Hispania, jirani na nchi za Waislamu, ambako hisabati ilikuwa imestawi.

Baadaye alifundisha katika shule ya kanisa kuu la Reims. Wakati huo Ulaya iliandika namba za Kirumi. Jaribu kuzidisha XLVII kwa XXIX utaona taabu yao. Gerbert alimwagiza fundi wa ngao amtengenezee ubao wenye safu 27, na vipande 1000 vya pembe vyenye alama za tarakimu 1 hadi 9. Kipande cha 3 katika safu ya mwisho kulia ni tatu. Kisogeze safu moja kushoto, ni thelathini. Tena kushoto, ni mia tatu. Kipande ni kilekile, kilichobadilika ni mahali kilipokaa. Sifuri hakuihitaji, kwa kuwa safu isiyo na kitu aliiacha wazi.

Tunapowasaidia watoto wa darasa la pili, ni hapo kwenye safu tupu wengi wanapokwama. Ukiwatajia mia tatu na tano wanaandika 3005, kama walivyosikia. Tukichora safu tatu chini na kuwapa punje za mahindi, wanaona wenyewe kwamba makumi hayana punje, ndipo tunawapa sifuri ishike nafasi. Kukadiria nako kunafuata: 47 iko karibu na 50 kuliko 40. Si mchezo huo. Kesho mtoto huyu atasimama na baba yake mbele ya mzani wa mnunuzi wa mahindi, na wapo wanunuzi ambao 47 kwao ni 40 siku zote.

Uongozi haukumwendea vizuri Gerbert. Bobbio, alikokuwa abate, aliondoka kwa ugomvi. Uaskofu mkuu wa Reims nao ukamponyoka. Alipewa Ravenna mwaka 998, na mwaka 999 akawa Papa, Mfaransa wa kwanza. Alifariki tarehe 12 Mei 1003.

Baadaye ndipo watu walipozusha kwamba aliagana na shetani, maana alikwenda kusoma Hispania na alihesabu upesi mno. Amezikwa katika Basilika la Laterano, Roma, na hata huko uvumi ulimfuata: eti kaburi lake hutoa jasho Papa anapokaribia kufa.