Alfred Nobel, mzee aliyeikataa dawa iliyotokana na baruti yake

Kila mwaka ukifika mwezi wa kumi jina la Nobel linatawala kwenye habari. Wangari Maathai wa Kenya aliipata tuzo yake mwaka 2004, na mwaka 2021 akaipata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Lakini mwenye jina lenyewe alikuwa nani? Wengi tunajua tu kwamba ni yule jamaa wa baruti. Leo mimi nataka nimzungumzie kwa upande mwingine kabisa, upande wa moyo wake na mishipa yake ya damu.

Alfred Nobel alizaliwa Stockholm, Uswidi, tarehe 21 Oktoba 1833. Msidhani alizaliwa tajiri. Mwaka huohuo baba yake alifilisika, baadaye akaenda Urusi kutafuta maisha, na mama akabaki na watoto akiendesha duka dogo la vyakula. Mwaka 1842 familia ilimfuata baba Saint Petersburg, na huko mambo yakawanyookea. Alfred akasomeshwa nyumbani na walimu wa kulipwa, na alipofika miaka 17 alikuwa anazungumza lugha tano.

Sasa sikieni. Mwaka 1847 Mwitaliano mmoja, Ascanio Sobrero, alikuwa ametengeneza kimiminika kinachoitwa nitroglisarini. Kitu hatari! Ukikitikisa vibaya kinalipuka. Sobrero alikionja kidogo tu na kichwa kikamgonga vibaya. Nobel yeye akaona humo kuna biashara, maana dunia ilikuwa inachimba migodi na kupasua milima ipitishe reli. Akakomaa nacho. Gharama yake ilikuwa kubwa: tarehe 3 Septemba 1864 kiwanda chao pale Stockholm kililipuka na kuua watu, akiwemo mdogo wake Emil. Serikali ikapiga marufuku majaribio hayo ndani ya jiji, naye akahamishia kazi kwenye jahazi ziwani. Mwaka 1867 akapata jibu: changanya nitroglisarini na udongo laini unaofyonza, inatulia na unaweza kuibeba. Hiyo ndiyo dainamaiti, na ndiyo iliyomtajirisha.

Sasa tuje kwenye moyo. Wafanyakazi wa viwanda vya baruti walikuwa wanaumwa sana kichwa wakirudi kazini Jumatatu. Na wale wenye ugonjwa wa moyo, kifua kilikuwa kinatulia siku za kazi halafu kinawabana wikiendi wakiwa nyumbani. Ajabu, sivyo? Mwaka 1879 daktari wa London, William Murrell, akaeleza kwamba nitroglisarini kidogo sana inapunguza maumivu ya kifua yanayotokana na moyo kukosa damu ya kutosha. Basi miaka ya 1890 Nobel mwenyewe akaanza kuumwa moyo, na madaktari wakamwandikia... nitroglisarini! Ile ile. Yeye alijua inaumiza kichwa, hakuamini kwamba inaweza kutibu kifua, akaikataa. Tarehe 10 Desemba 1896 akafariki kwa kiharusi huko San Remo, Italia, akiwa na miaka 63. Hakuwa na mke wala mtoto. Wosia alikuwa ameshausaini mwaka mmoja kabla, kwamba sehemu kubwa ya mali yake igharamie tuzo.

Kwa nini kitu cha kupasulia miamba kinatuliza kifua? Jibu lilichukua karibu miaka mia. Mwaka 1977 Ferid Murad aligundua kwamba nitroglisarini mwilini inatoa gesi ya oksidi ya nitriki, ambayo inalegeza misuli ya mishipa. Mwaka 1980 Robert Furchgott, akipima vipande vya mshipa wa sungura, akaona jambo la kushangaza: dawa aliyotumia ililegeza mshipa pale tu utando wa ndani ulipokuwa mzima. Ukikwanguliwa, haulegei. Utando huo ni safu moja tu ya seli, zinaitwa seli za endothelia, na umetandazwa ndani ya mishipa yote ya damu. Mwaka 1986 yeye na Louis Ignarro, kila mmoja kwa njia yake, wakafikia hitimisho kwamba kitu kinachotolewa na seli hizo ni ile ile oksidi ya nitriki.

Kumbe mwili wenyewe unajitengenezea dawa! Damu ikipita, seli za endothelia zinahisi mkwaruzo wake, zinatoa gesi hiyo, mshipa unatanuka, na chembe sahani za damu hazigandiani ovyo. Seli hizo zikichoka, mshipa unabana, mafuta yanajipenyeza ukutani, na damu inaweza kuganda na kuziba njia ya kwenda moyoni au kwenye ubongo. Watatu hao walipewa tuzo mwaka 1998. Tuzo ya nani? Ya mzee yule yule aliyeikataa dawa.

Sasa kinachotuhusu sisi vijana. Sigara, presha, kisukari na mafuta mengi kwenye damu vinazichosha seli hizi polepole, miaka mingi kabla kifua hakijauma. Mazoezi yanazisaidia, kwa sababu damu inayokwenda kasi ndiyo inayoziamsha. Na jambo moja nalisema wazi: dawa nyingi za nguvu za kiume zinazouzwa mitaani zinafanya kazi kupitia gesi hiyo hiyo. Mgonjwa wa moyo anayetumia nitroglisarini akizichanganya nazo, presha inaweza kushuka ghafla akafa. Mwambieni mzee nyumbani, hata kama ni aibu.

Nobel alikuwa na pesa za kumlipa daktari yeyote, lakini aliishi kabla ya watu kujua kazi ya seli hizo. Sisi tunajua. Je, wewe umepima presha lini mara ya mwisho? Tuambie hapo chini.