Norman Bethune, mpasuaji wa vifua aliyeona kisu hakitoshi

MKAZI wa Mathare anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi hushauriwa aende kliniki apimwe makohozi. Akipatikana na kifua kikuu cha kawaida, hupewa dawa bila malipo na kuzimeza kwa miezi kadhaa, aghalabu sita. Ni nadra sana kuambiwa ajitayarishe kukatwa mbavu.

Katika miaka ya 1930 mambo hayakuwa hivyo. Dawa ya ugonjwa huo haikuwapo popote duniani. Matumaini ya mgonjwa yalikuwa mapumziko, hewa safi, chakula bora na, hali ikizidi kuwa mbaya, kisu cha daktari. Miongoni mwa waliosifika kwa kukishika kisu hicho alikuwa Dkt Norman Bethune wa Kanada, mtu ambaye maisha yake yana funzo kwa kila mtaa ambako familia nzima hulala katika chumba kimoja cha mabati.

Bethune alizaliwa Machi 4, 1890, katika mji wa Gravenhurst, Ontario. Babake alikuwa mhubiri, na babu yake, ambaye alirithi jina lake, alikuwa daktari mpasuaji. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, aliacha masomo ya udaktari akaenda kubeba majeruhi kwa machela. Mwaka wa 1915 alijeruhiwa mguuni huko Ypres, Ubelgiji, akarudishwa nyumbani na kuhitimu mwaka uliofuata.

Mwaka wa 1924 alifungua kliniki Detroit, Marekani, ambako wengi wa wagonjwa wake walikuwa maskini wasioweza kumlipa. Miaka miwili baadaye aligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa mapafu ya Trudeau, karibu na Saranac Lake, jimbo la New York. Akiamini kwamba siku zake zimehesabiwa, alichora kwenye kuta za nyumba aliyolala hadithi ya maisha yake, tangu tumboni mwa mamake hadi kaburini. Ndoa yake na Frances Penney nayo ilivunjika mwaka wa 1927. Walioana tena mwaka wa 1929, wakaachana tena mwaka wa 1933.

Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini Bethune alikaribia kuukanusha usemi huo. Akiwa kitandani alisoma kuhusu njia ya kulilaza pafu. Sindano huchomwa kati ya mbavu na hewa kuingizwa baina ya pafu na ukuta wa kifua. Pafu hunywea, likaacha kutanuka na kupata nafasi ya kupona. Madaktari wake walisita kwa kuwa njia hiyo ilikuwa na hatari zake. Yeye alishikilia afanyiwe, akafanyiwa mwaka wa 1927, na afya yake ikaimarika.

Tangu hapo aliamua kuwa mapafu ndiyo kazi ya maisha yake. Mwaka wa 1928 alijiunga na Dkt Edward Archibald, bingwa wa upasuaji wa kifua katika hospitali ya Royal Victoria mjini Montreal. Huko alijifunza kulilaza pafu kwa hewa na, pale hewa iliposhindwa, kuondoa mbavu kadhaa ili kifua kibonyee na kulifunga pafu lenye vidonda. Aidha, alitumia unga wa talki kuyagandisha mapafu kwenye ukuta wa kifua kabla ya kuondoa sehemu iliyoharibika. Kwa kutoridhika na vyombo vilivyokuwapo, alibuni vyake. Kampuni ya Pilling ya Philadelphia ilivitengeneza na kuviuza, na mkasi wake wa kukatia mbavu uliendelea kutumika kwa miongo mingi baada ya kifo chake.

Hata hivyo, hakuwa malaika. Alikuwa mwepesi wa hasira na mpenda pombe, na baadhi ya wenzake walilalamika kwamba alipasua kwa haraka kupita kiasi. Alitengana na Archibald, na mwaka wa 1933 akawa mkuu wa upasuaji wa kifua katika hospitali ya Sacré-Coeur, nje kidogo ya Montreal.

Hapo ndipo alipolazimika kukabili jambo ambalo kisu hakingeweza kulitatua. Ulimwengu ulikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi. Mgonjwa tajiri alipasuliwa, akapumzika na kupona. Maskini alipasuliwa vivyo hivyo, kisha akarudi katika chumba kile kile chenye msongamano, njaa na kazi ya sulubu, na ugonjwa ukamrudia. Bethune alifikia uamuzi kwamba kuna vifua vikuu viwili, cha matajiri na cha maskini, ingawa kijidudu ni kimoja.

Baada ya kuzuru Urusi ya Kisovieti mwaka wa 1935, alijiunga na chama cha Kikomunisti. Mwaka wa 1936 yeye na wenzake waliitaka serikali igharimie matibabu ya wananchi wote. Mapendekezo hayo yalipuuzwa. Sheria ya kitaifa ya bima ya matibabu ilipitishwa Kanada mwaka wa 1966, yeye akiwa amekwisha kufa.

Mwishoni mwa 1936 alikwenda Uhispania, iliyokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mjini Madrid alianzisha huduma ya kukusanya damu ya raia, kuihifadhi kwenye baridi na kuipeleka kwa magari hadi karibu na uwanja wa mapigano, badala ya kusubiri majeruhi wafikishwe hospitalini wakiwa wamekwisha kuishiwa.

Mwaka wa 1938 alielekea Uchina, iliyokuwa imevamiwa na Japani. Katika milima ya kaskazini alifunza vijana wa vijijini uuguzi na upasuaji, akaandika vitabu vya mafunzo na kubuni chumba cha upasuaji kilichobebwa kwa baghala. Mnamo Aprili 1939 aliwapasua majeruhi 115 kwa saa 69. Oktoba mwaka huo alijikata kidole akimpasua askari bila glavu. Kidonda kiliingia sumu, na Novemba 12, 1939, akaaga dunia kijijini Huangshikou akiwa na umri wa miaka 49. Makala ya Mao Zedong ya kumkumbuka ilikuja kukaririwa na mamilioni ya Wachina.

Miaka minne baadaye, mwaka wa 1943, streptomaisini iligunduliwa nchini Marekani. Kadiri dawa zilivyoongezeka, ndivyo haja ya kukata mbavu ilivyopungua. Afrika Mashariki nayo ilichangia. Kuanzia mwaka wa 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika utafiti ulioonyesha kwamba miezi sita ya dawa zilizochanganywa ipasavyo inatosha, badala ya mwaka mmoja na nusu au zaidi.

Hivyo, mkazi wa Mathare leo ana tiba ambayo Bethune hakuwahi kuiona. Lakini anapomeza dawa zake, bado hulala katika chumba cha takriban futi 10 kwa 10, mara nyingi kisicho na dirisha, pamoja na watoto wake. Anayelazimika kuziacha kwa sababu ya njaa au kibarua huweza kupata kifua kikuu sugu, ambacho ni kigumu zaidi kutibu. Kijidudu kimepatiwa dawa. Chumba kile ambacho mpasuaji huyo alikilalamikia bado kinasubiri tiba yake.