Fourier, yatima aliyeyachambua mawimbi

Mpiga nyatiti anapotumbuiza Kombewa, Kaunti ya Kisumu, nyuzi nane hulia, pete ya chuma kidoleni mwa mguu hugonga ala, na njuga huitikia. Vyote hufika sikioni vikiwa wimbi moja la hewa lililopindapinda. Namna ya kulichambua wimbi hilo, hadi kila mtetemo usimame peke yake, ni elimu iliyoachwa na Mfaransa Joseph Fourier, ambaye enzi za uhai wake vigogo wa hisabati walimkatalia.

Fourier alizaliwa Machi 21, 1768 mjini Auxerre, mtoto wa mshonaji nguo. Akiwa na umri wa karibu miaka 10 tayari alikuwa yatima. Alisomea shule ya kijeshi ya watawa Wabenedikto, lakini jeshi la mizinga halikumpokea kwa kuwa hakuwa wa ukoo wa kikabaila. Mwaka 1794 alitiwa gerezani katika misukosuko ya mapinduzi, akaachiliwa baada ya Robespierre kuanguka.

Mwaka 1798 aliandamana na Napoleon kwenda Misri, akawa katibu wa taasisi ya wasomi jijini Kairo. Aliporejea alitamani kufundisha, ila Napoleon alimfanya mkuu wa mkoa wa Isère, makao yake Grenoble. Huko alisimamia kukaushwa kwa vinamasi vya Bourgoin. Wakazi wa Kombewa, mahali palipofanyiwa majaribio ya chanjo ya malaria, hawahitaji kuelezwa uzito wa kazi hiyo.

Katikati ya shughuli za serikali alichunguza jinsi joto linavyosambaa ndani ya vitu vigumu. Desemba 1807 aliwasilisha andiko Paris akidai kwamba umbo lolote, hata lenye kona kali, laweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini ya kupanda na kushuka. Lagrange, mwanahisabati aliyeheshimiwa mno, alipinga. Mwaka 1812 Fourier alipewa tuzo kwa andiko alilolipanua, lakini waamuzi walilalamika kuwa hoja zake hazikukazwa vya kutosha, na halikuchapishwa. Kwa haki, wapinzani hao hawakuwa wajinga: uthibitisho thabiti, wenye masharti yake, ulitolewa na Dirichlet mwaka 1829. Kitabu cha Fourier kuhusu joto kilitoka mwaka 1822, miaka 15 baada ya andiko la kwanza.

Kila wimbi sahili lina mambo mawili: ukubwa wake, na mahali linapoanzia safari. Waliomfuata Fourier waliyabeba yote mawili ndani ya namba changamano moja, yenye sehemu halisi na sehemu ya kidhahania, kwa kutumia kanuni ya Euler ya mwaka 1748. Namba hizo zikipangwa kwa kufuata masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, hupatikana spektra ya wimbi zima. Mwaka 1965 Cooley na Tukey walichapisha nchini Marekani njia ya kuzikokotoa haraka kwa kompyuta. Simu za mkononi na mashine za MRI hutegemea hesabu za aina hiyo.

Fourier alikuja kuwa katibu wa kudumu wa akademia ya sayansi ya Paris. Akiwa na wadhifa huo, alilichapisha lile andiko la tuzo katika kumbukumbu za akademia hiyo. Alifariki Paris Mei 16, 1830.